Chungu cha chuma, sufuria nzito, jani la mgomba au wavu: ubebe kipi ukienda kuoka nyama na mboga kambini Uganda?

Safari ya kwenda kulala nje, iwe Ziwa Mburo, Sipi, Jinja au visiwa vya Ssese, haikosi ubishi mmoja kabla gari halijaondoka: tutapikia nini? Hema lina mwenyewe na mikeka ina mwenyewe, lakini kwenye chombo cha kupikia kila mtu ana lake. Mmoja anataka wavu na mfuko wa mkaa. Mwingine anasema sufuria ya nyumbani inatosha. Shangazi anauliza kwa nini tusikate majani ya mgomba tukafunga nyama. Na siku hizi hakosekani mwenye chungu cheusi cha chuma alicholetewa kutoka ng'ambo, anayeapa kwamba hicho kitaoka kila kitu.

Ninaowaandikia ni wale wanaotaka nyama ioke pamoja na viazi na mboga zake, moto ukiwa wa makaa na paa likiwa ni mbingu. Msimamo wangu nautoa mapema. Kama mna gari na mnalala mahali pamoja, chungu cha chuma kinavishinda vingine vyote. Mkienda kwa boda, kwa miguu au kwa mtumbwi, kiacheni nyumbani, kwa sababu sufuria nzito ya alumini inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ukijua kuipalia makaa. Jani la mgomba lina kazi yake maalumu. Wavu naupenda, lakini si chombo cha kuokea mguu mzima wa mbuzi.

Moto wa juu ndio unaoamua

Nyama huanza kupata rangi ya kahawia, na ile harufu inayowatoa watu mahemani, uso wake ukipita nyuzi joto 140 hivi za Selsiasi. Maji hayafiki huko. Kampala, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 96. Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, mita 1,960 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 93 au 94. Chakula kinachoivishwa kwa maji au mvuke kule Kabale hakivuki kiwango hicho, hata ukoleze kuni kiasi gani, na ndiyo sababu maharagwe ya kule huchukua muda. Hewa kavu iliyofungiwa ndani ya chungu chenye makaa juu na chini hufika nyuzi 170 au 200 bila shida, uwe Bunyonyi au uwe Entebbe.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza chombo chochote ni hili: kinaweza kupokea moto juu ya kichwa chake? Akina mama wanaooka keki kwenye sufuria juu ya sigiri, yaani jiko la mkaa, wanalijua jibu. Hupunguza makaa ya chini, wakapalia mengi juu ya mfuniko. Bila hayo ya juu, sehemu ya chini huungua na ya juu hubaki nyeupe na laini kama uji. Nyama na viazi havina tofauti na keki katika hilo.

Swali la pili ni nyama yenyewe. Bucha zetu nyingi huuza nyama iliyochinjwa alfajiri hiyohiyo, haikutundikwa kwenye baridi siku kadhaa ili ilainike. Ng'ombe wa Ankole aliyezunguka malishoni kwa miaka, mbuzi wa Karamoja, kuku wa kienyeji aliyejitafutia chakula mwenyewe, wote wana ladha ambayo mnyama wa kufugwa bandani hana, lakini wana misuli pia. Zile nyuzi ngumu zinazofunga misuli hulainika zikawa ute mzito pale nyama inapokaa juu ya nyuzi joto 70 kwa muda mrefu bila kukauka. Moto wa wazi hauipi nafasi hiyo. Mfuniko mzito unaipa.

Chungu cha chuma

Ninachokisema hapa ni chungu cha chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, chenye kitako bapa, vijiguu vitatu vifupi, mpini wa waya wa kuning'inizia, na mfuniko bapa wenye ukingo uliosimama pembeni. Australia na New Zealand wasafiri wa porini wamekitumia kwa vizazi, na Marekani vilevile. Ukingo wa mfuniko ndio siri yake: makaa hukaa juu bila kumwagika, na ukifunua, jivu haliingii kwenye chakula. Usikichanganye na potjie ya Afrika Kusini, ambayo nayo ina miguu mitatu lakini tumbo lake ni la duara na mfuniko umebinuka. Ile ni ya mchuzi na ya kuchemshia. Makaa yanateleza juu yake, na viazi vinarundikana katikati badala ya kutandazwa. Ukikuta vyote viwili dukani na shabaha yako ni kuoka, chukua chenye kitako bapa.

Uzuri wake wa kwanza ni kushika joto. Chuma cha kusubu kina karibu gramu 7.2 katika kila sentimita ya ujazo, na kuta zake ni nene, hivyo kikishapata moto, upepo wa ziwani ukipita ghafla, au makaa mawili matatu yakizimika, ndani hakuna kinachobadilika haraka. Nyama haijui kwamba nje kuna manyunyu. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, hilo peke yake linatosha kukifanya kipendwe: mfuniko umefungwa, makaa yako juu, unakinga kwa kipande cha bati, na chakula kinaendelea.

Uzuri wa pili ni kwamba chombo kimoja kinafanya kazi mbili. Unakaanga nyama humo kwanza ipate rangi, kisha unafunika na kuoka humohumo, na ute uliogandia kitakoni unaingia kwenye viazi.

Hivi ndivyo mguu wa mbuzi wa kilo mbili unavyokwenda. Mwombe mchinjaji akate kifundo ili uingie. Usiku wa kuamkia safari, au asubuhi hiyo, uchanje na kuupaka chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga. Weka chungu juu ya makaa mengi, tia vijiko viwili vitatu vya mafuta au samli, ugeuze mguu kila upande mpaka uwe kahawia kotekote. Hiyo ni robo saa, na ni kazi ya kusimama hapohapo. Kisha toa nyama, weka kitakoni kipande cha wavu wa chuma kilichokunjwa ili isiguse chini, rudisha nyama, tia kikombe kidogo cha maji, funika. Sasa panga moto upya. Chini weka makaa kwa duara kufuata ukingo wa kitako, katikati paache wazi. Juu yazungushe pembeni mwa mfuniko na machache katikati. Kila robo saa zungusha chungu robo mzunguko kuelekea kulia, na mfuniko robo kuelekea kushoto, kwa sababu moto wa nje daima una upande mkali.

Mguu huo unataka saa mbili hadi mbili na nusu. Saa moja kabla ya mwisho tia viazi vilivyokatwa nusu na vitunguu vizima. Baada ya dakika kumi hivi tia karoti. Boga lifuate zikibaki dakika 40, na vipande vya gonja iliyoiva, ile ndizi kubwa ya kuoka, zikibaki 25. Kila unapofunua fanya haraka, inua mfuniko kwa kulabu ukiwa sawasawa, uuweke juu ya mawe mawili safi wala si mchangani. Mwishoni toa makaa ya chini yote, acha ya juu peke yake kwa dakika 15. Hapo viazi vinashika gamba na mafuta ya mbuzi yanang'aa juu yake. Sijaona chombo kingine cha kambini kinachokupa viazi vya namna hiyo.

Kipimo cha moto bila kipimajoto: nyunyiza unga kidogo wa ngano kwenye mfuniko wa kopo, uweke ndani ya chungu kitupu chenye moto, funika. Baada ya dakika tano ukiwa na rangi ya dhahabu, moto ni wa wastani na unafaa kwa nyama. Ukiwa kahawia iliyokolea, punguza.

Kasoro zake ni za kweli. Cha upana wa sentimita 30 kina uzito wa kilo tisa hivi kikiwa kitupu. Kibebe kutoka ferini pale Lutoboka, visiwani Ssese, hadi kambini juu mlimani utajua. Kikidondoka juu ya jiwe, au ukimwagia maji baridi kikiwa cha moto, kinaweza kupasuka, na ufa wa chuma cha kusubu hauzibwi kambini. Kinashika kutu ukikilaza na maji. Nyanya nyingi na ndimu zikikaa humo saa nyingi huvua ile ngozi nyeusi ya mafuta inayokilinda, na chakula hupata ladha ya chuma. Na bei yake, kwa wanaopika nje mara moja kwa mwaka, hairudi.

Kikiwa kipya hakiingii kazini siku hiyohiyo. Kioshe kwa maji ya moto, kikaushe juu ya makaa, kipake mafuta ya kula tabaka jembamba sana ndani na nje, kisha kichome juu ya moto mpaka kiache kutoa moshi. Rudia mara kadhaa. Kinakuwa cheusi na laini, na chakula hakishiki.

Sufuria nzito ya alumini

Hii ndiyo iliyo karibu na watu wengi, na ndiyo nitakayoizungumzia kwa urefu karibu sawa, maana najua wengi mtaichagua. Kuna za aina mbili. Ipo ile nyembamba ya kiwandani, ambayo kwa kuoka haifai hata kidogo: inaungua chini kabla juu hakujapata joto. Na ipo ile nene iliyosubiwa na mafundi, kama wale wa Katwe pale Kampala, wanaoyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu za mchanga. Hiyo nene ndiyo ya kulinganisha na chungu.

Alumini ina gramu 2.7 tu kwa sentimita ya ujazo, chini ya nusu ya chuma. Sufuria ya ukubwa uleule unaiweka kwenye mkoba na kupanda boda. Tena alumini hupitisha joto upesi mara kadhaa kuliko chuma cha kusubu, kwa hiyo moto husambaa kitako kizima badala ya kuacha madoa yaliyoungua. Haishiki kutu. Ukiosha na kuiacha na maji usiku, asubuhi iko vilevile.

Udhaifu wake ni upande wa pili wa sifa hizohizo. Inapata moto haraka na inapoa haraka, hivyo upepo unaiyumbisha, na anayepika lazima aangalie makaa mara kwa mara kuliko mwenye chungu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na makaa yanayopulizwa na upepo yanaweza kuvuka hapo. Sufuria iliyosahauliwa tupu juu ya moto mkali inaweza kutoboka kitako. Na mfuniko wake wa kawaida hauna ukingo, kwa hiyo makaa yanamwagika.

Hilo la mfuniko lina dawa. Tafuta sinia kuukuu la chuma lenye ukingo, pana kidogo kuliko mdomo wa sufuria, ulitumie kama mfuniko na upalie makaa ndani yake. Kama sufuria haina miguu, iweke juu ya mafiga matatu mafupi, makaa machache chini. Bibi mmoja wa Kinubi kule Bombo ndiye aliyenionyesha uwiano ninaoufuata hadi leo: juu weka mara mbili ya unachoweka chini. Ukitaka moto wa chini uwe mpole zaidi, tumia sufuria mbili. Kubwa inatandazwa mchanga mkavu kina cha vidole viwili, ndogo yenye nyama inakaa juu ya mchanga, sinia la makaa linafunika ya nje. Kwa kuku na mboga njia hii inatoa kazi nzuri kabisa. Kwa mguu wa mbuzi wa saa mbili na nusu, utachoka kubadilisha makaa kabla nyama haijachoka kuwa ngumu.

Jambo moja la afya lazima lisemwe. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa sufuria za alumini chakavu kutoka Cameroon, ukaonyesha kwamba madini ya risasi yalikuwa yakitoka kwenye sufuria na kuingia kwenye kimiminika chenye uchachu kilichochemshwa humo. Chakavu huja kutoka kila mahali, injini, radieta, vipuri, na mnunuzi hawezi kuona kwa macho kilichomo. Mimi situmii sufuria ya kusubu kwa chakula chenye nyanya, ndimu au siki, na siachi chakula kilale humo. Kama mna watoto wadogo, tandikeni jani la mgomba au karatasi ya kuokea ndani, au chukueni sufuria nene ya chuma cha pua ikiwa mnayo.

Jani la mgomba

Luwombo ni fahari ya Buganda, na husimuliwa kwamba ilianzia jikoni kwa Kabaka (mfalme) Mwanga mwaka 1887. Jani changa linababuliwa juu ya moto mpaka lilegee na kung'aa, uti wake unapunguzwa kwa kisu lisipasuke, kisha nyama inafungwa humo pamoja na karanga zilizosagwa, uyoga au vitunguu, ikapikwa kwa mvuke saa mbili au tatu. Wapishi wanaoijua kazi huipitisha nyama kwenye moshi au moto wa wazi kabla ya kuifunga. Hapo ndipo rangi na harufu vinapatikana, kwa sababu baada ya kufungwa, mvuke hautaifikisha nyuzi 140 kamwe.

Kwa nyama ngumu, jani ni mshindani mkubwa wa chungu. Linalainisha, halipotezi tone la mchuzi, halina risasi, halioshwi. Uchachu wa nyanya haulidhuru. Kila mlaji anapata furushi lake, na hakuna anayegombania paja. Kama mnapiga kambi karibu na shamba la migomba, muombeni mwenyewe majani, mnunue, msikate wenyewe.

Lakini kwa mboga za kuoka halisaidii. Viazi vitatoka vimechemka. Boga litakuwa uji. Na bado unahitaji sufuria ya kutilia maji chini yake, kwa hiyo mzigo haukupungua. Kule Bunyonyi ongeza muda, kwa sababu niliyoieleza ya maji. Mimi jani nalitumia ndani ya chungu cha chuma: nafunga samaki au nyanya zilizochanganywa na ntula (nyanya chungu), naweka furushi pembeni mwa nyama kwa nusu saa ya mwisho. Chungu hakiguswi na uchachu, na furushi linapata joto kavu kwa nje.

Wavu

Anayepita Namawojjolo kwenye barabara ya Jinja, au Lukaya kwenye barabara ya Masaka, hahitaji kuelezwa utamu wa muchomo, nyama choma yetu. Kuku kwenye kijiti, ini, gonja iliyobanikwa mpaka ikapasuka. Wavu ni mwepesi, ni wa bei ndogo, nyama nyembamba inaiva kwa dakika 20, na watu huzunguka moto wakizungumza. Kwa mishikaki, mahindi, sato aliyechanjwa na kuku wa kisasa aliyepasuliwa kifuani, sitakushauri kitu kingine.

Ukiweka mguu mzima wa mbuzi juu yake, nje utaungua na mfupani patabaki pabichi. Mafuta yakidondoka, moto unaruka. Viazi vinahitaji kuchemshwa kwanza. Mvua ikinyesha, mmekosa chakula. Na mpishi hakai: ndugu yenu mmoja atakula mwisho, macho mekundu kwa moshi, wakati mwenye chungu ameketi na wenzake akiinuka kila robo saa.

Shimo la kufukia nyama na mawe ya moto silihesabu kati ya vyombo hivi. Kwenye hifadhi usichimbe, na msimu wa mvua udongo wetu unameza joto lote.

Mboga zinavyotofautiana

Watu huchagua chombo kwa kufikiria nyama tu, kisha wanashangaa mboga. Viazi mviringo vya Kabale na Kisoro, viazi vitamu na mihogo vinapenda chungu cha chuma kuliko vyote, maana wanga unahitaji joto kavu la muda mrefu ili ushike gamba. Mihogo ichemshe kidogo kwanza kisha uioke ndani ya mafuta ya nyama. Kwenye sufuria vitaiva vizuri lakini gamba litakuwa upande wa chini zaidi, kwa hiyo vigeuze mara mbili. Biringanya na pilipili hoho ni za wavu, zinataka moto mkali wa muda mfupi ngozi ibabuke. Gonja inakwenda popote. Kabichi iliyokatwa vipande vinne, ikipakwa samli na kuwekwa chunguni kwa dakika 20 za mwisho, inageuka chakula kipya kabisa kwa mtu aliyezoea kuila ikiwa imekaangwa. Matooke mabichi yaacheni kwenye majani yake, ndiko yanakokaa vizuri.

Kwa nyama iliyo na mboga pamoja msizidishe. Chungu kilichojazwa hadi kwenye mfuniko hakioki, kinachemsha, kwa sababu maji ya mboga hayana pa kwenda. Theluthi mbili inatosha, na mboga zikae kwa tabaka moja.

Mkaa na mahali pa kuuwashia

Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kusimamisha biashara ya mkaa kutoka kaskazini, ambako miti, ikiwemo ile inayotoa mafuta ya shea, ilikuwa ikikatwa kwa kasi. Kwa hiyo mkaa tunaobeba kwenda kustarehe una maana. Hapa chungu kinapata alama nyingine: joto limefungiwa, halitawanyiki. Kwa vitofali vya mkaa vya kutengenezwa, hesabu inayotumika na wengi ni mara mbili ya upana wa chungu kwa inchi. Cha inchi 12, yaani sentimita 30, kinataka 24 kwa moto wa wastani, theluthi mbili juu. Hupungua nguvu baada ya dakika 45 hadi saa moja, unaongeza vingine vilivyokwisha kuwaka. Vitofali vinavyotengenezwa kwa taka za mashambani vinauzwa sasa katika miji yetu na vinafaa kabisa, kwa sababu vinaungua polepole na kwa ukubwa uliolingana. Mkaa wa kawaida ni vipande vikubwa na vidogo, kwa hiyo hesabu kwa macho: uvunje sawasawa ukubwa wa limau. Wavu wa wazi unakula mkaa zaidi kuliko vyote, maana nusu ya joto lake inampasha mpishi.

Kuni zisizojulikana ziache, hasa mnyaa, ambao utomvu na moshi wake hudhuru macho, na mbao za majengo zilizopakwa dawa.

Ndani ya hifadhi za taifa washeni moto mahali palipotengwa tu, na kabla ya kuokota hata kijiti muulizeni askari wa hifadhi. Harufu ya nyama iliyookwa inaenda mbali. Pale Ziwa Mburo viboko hutoka majini usiku, na fisi wapo. Mabaki na chombo chenye mafuta vilale ndani ya gari, si hemani. Makaa yazimeni kwa maji mpaka mtu aweze kuyashika. Koleo refu, glavu za ngozi na kulabu ya kuinulia mfuniko ni sehemu ya bei ya chungu, si nyongeza.

Nani achukue nini

Familia yenye gari, inayolala usiku mmoja au zaidi mahali pamoja, na inayopenda nyama ya mfupa: chungu cha chuma, bila kusita. Vijana wanaopanda Sipi na mikoba mgongoni, au wanaovuka Bunyonyi kwa mtumbwi: sufuria nzito, sinia, na kuku badala ya mguu wa mbuzi. Kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu anaiva humo kwa saa moja na robo hivi. Toboa penye paja karibu na mfupa, na ukiwa na kipimajoto hakikisha pamefika nyuzi 74. Wa kienyeji mpe saa mbili na kikombe cha maji. Wageni wengi, wazee wenye meno machache, au sherehe ya kifamilia kijijini: jani, na mpishi anayelijua. Kundi linalofika jioni lina njaa na litaondoka asubuhi: wavu, mishikaki na gonja, na hakuna aibu yoyote hapo. Mkiwa na nafasi garini, chungu na wavu mdogo vinakwenda vizuri pamoja, kwa sababu makaa yaliyobaki pembeni ya chungu yanatosha kubanika mahindi wakati mguu unaendelea.

Ukiamua kununua chungu, kigonge kwa ukucha. Kinacholia kwa sauti safi ni kizima, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Zungusha mfuniko juu yake. Mfuniko usicheze. Cha sentimita 25 kinatosha watu watatu au wanne na kuku mmoja. Kwa watano hadi wanane, na kwa mguu wa mbuzi, chukua cha sentimita 30 chenye kina cha kutosha mfuniko ufungike bila kugusa nyama.